Kadi ya Mama Misumari

Cheo changu ni Msaidizi wa Mauzo na Masoko. Neno la kwanza ndilo lenye kazi, hayo mengine ni mapambo. Mabango yakichelewa, aitwe msaidizi. Fulana za matangazo zikija zote saizi ya mtoto wa chekechea, aulizwe msaidizi. Mauzo yakipanda, hapo utasikia Meneja ana kipaji. Miaka saba nimekuwa msaidizi katika kampuni ya rangi za nyumba, na kwa miaka saba hiyo mama yangu aliniuliza kwenye simu kila Jumapili, "Hawajakupa huo uafisa tu?" Namjibu, "Karibu, mama." Anacheka. "Hiyo karibu yako ina safari ndefu, mwanangu."

Nilikitaka cheo cha Afisa Mauzo, sifichi. Nilikitaka mpaka nikakiota. Afisa ana eneo lake, ana meza isiyotazamana na mlango wa choo, na barua anayoiandika inatoka na jina lake. Mimi barua niliziandika, majina yakawa ya mwingine.

Huyo mwingine ni Meneja wetu wa Masoko. Ofisini tulimwita Asali, kwa ajili ya ile sauti. Asali anaweza kukunyima likizo ukatoka chumbani mwake unamshukuru. Lakini jambo la mtu halikai kichwani mwake hata dakika tano. Siku moja alimuuliza mhasibu wetu hali ya mtoto wake mchanga, na mhasibu mwenyewe ni mseja aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Sasa kwa mtu ambaye kazi yake ni kuwapigia simu wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, hilo ni balaa. Rangi zote ni rangi, jamani. Mwenye duka ananunua kwa yule anayemjali, au anayejua kujifanya anamjali.

Ndipo nikabuni kadi. Hakunituma mtu. Kila mteja nilimkatia kadi yake ngumu. Juu niliandika jina la duka, aina za rangi anazochukua na siku anazoagiza. Katikati nikapiga mstari, na chini yake nikaandika: Ya Nyumbani. Hapo ndipo palipokuwa na utamu. Nani ana mtoto wa mtihani, nani mgongo unamsumbua, nani kagombana na ndugu yake wa tumbo moja kwa hiyo asiulizwe habari zake. Kila asubuhi namwekea Meneja kadi tano mezani. Anazisoma huku anakunywa chai, kisha ananyanyua simu. "Mzee wangu, yule binti yetu kamaliza mitihani salama?" Ng'ambo ya pili mtu anayeyuka kabisa. Mwaka wa kwanza wa kadi tulipita lengo la mauzo, na Meneja akapewa cheti kilichowekwa kwenye fremu. Mimi nilitumwa kutafuta nyundo ya kukitundikia.

Habari zenyewe nilizipata kwa miguu yangu. Kutwa nilikuwa madukani, nafuta vumbi kwenye makopo yetu, nageuza lebo zitazame wateja, nahakikisha washindani hawajatusukuma kutoka kwenye rafu ya usawa wa macho mpaka chini kwenye panya. Ukifanya kazi hizo kwa mikono, watu wanakusahau, wanaongea. Na Jumatano zote zilikuwa za Mama Misumari.

Jina hilo tulimpa sisi wauzaji, kwa sababu alianza na gunia moja la misumari, akiuza kwa kuhesabia kiganjani. Siku hizi ana maduka matatu na anachukua rangi kuliko wateja wengine kumi wakijumlishwa pamoja. Akiniona nimechuchumaa kwenye rafu ananiita nyuma ya kaunta. "Hebu njoo upumzishe miguu, mwanangu. Hiyo kampuni itakutoa roho." Nasema shikamoo, ananijibu marahaba, ananigeuzia ndoo tupu nikalie. Ndipo maneno yanapoanza.

Mumewe alikuwa na kisukari. Mguu ukakatwa. Usiku halali, anamporomoshea mkewe matusi ya nguoni, na kukicha analia kama mtoto akiomba msamaha. Mama Misumari alinieleza hayo huku ameelekeza uso kwenye makopo ya rangi, ili wafanyakazi wake wasimwone anavyolia. Nilimshika mkono. Nilimshika kwa moyo wangu wote, wala sikuwa naigiza. Kisha nikaaga, nikazunguka nyuma ya duka penye rundo la mabati, nikaitoa kadi mkobani nikaandika yote kabla sijasahau.

Kuanzia hapo Meneja akawa anampigia kila Ijumaa jioni. "Mama, mzee kalala jana? Na wewe je, umepata hata lepe la usingizi?"

Mwaka jana mzee akafariki. Meneja akaniita. "Bibie, nitungie maneno ya kumpelekea yule mama. Kitu kizito." Nilikaa na karatasi saa nzima, nikafuta, nikaandika tena. Mwishowe nikampa haya: "Mama, umeondokewa na mume, mwenzako wa miaka yote. Usikubali mtu akuharakishe kunyamaza. Lia mpaka uchoke mwenyewe. Sisi tupo." Akaisoma, akasema, "Loo, kumbe nina maneno!" Akatuma.

Mwaka huu mkataba wa Mama Misumari ukafika mwisho. Kampuni nyingine ikaanza kumzungukazunguka, ikamwahidi kumfungia mashine ya kuchanganya rangi palepale dukani. Ofisi yetu yote ikahaha. Meneja akaniita chumbani mwake, akafunga mlango, akaniambia, "Bibie, huyu mama akisaini tena kwa maduka yote matatu, uafisa ni wako. Neno langu. Barua nitaiandika mwenyewe." Nikajisemea moyoni, wewe na kuandika tangu lini. Lakini nilitoka na furaha. Jumapili ile nilimwambia mama yangu, "Safari hii ni karibu ya kweli." Akasema, "Haya, nikiona barua nitaamini."

Hakuiona. Siku kumi baadaye presha ilimwangusha uani akianika nguo, na mpaka nashuka kwenye basi walikuwa wameshamfunika.

Siku ya pili ya msiba nilikuwa chumbani na dada zangu. Macho yangu yalivimba hata herufi sizioni, kwa hiyo mume wangu ndiye aliyekuwa akinisomea salamu za rambirambi kwenye simu. Mume wangu ni fundi umeme, mtu asiyependa maneno mengi. Akasema, "Hii ya bosi wako." Akaanza kusoma. "Umeondokewa na mume, mwenzako wa miaka yote..." Akairudia kimoyomoyo, midomo inamcheza. Kisha akaniangalia.

"Mke wangu," akasema, "mimi nimekufa lini?"

Dada zangu wakaangua kicheko, kile kicheko cha msibani kinachotoka pamoja na makamasi. Na mimi nikacheka, tena kuliko wote. Halafu nikaomba simu, nikaisogeza karibu na jicho moja. Usikubali mtu akuharakishe kunyamaza. Lia mpaka uchoke mwenyewe. Sisi tupo. Hakuongeza neno, hakupunguza. Alitafuta kwenye simu yake rambirambi iliyotumika, akaibonyeza inifikie, wala hakujisumbua kuisoma. Kilichoniuma hasa ni kwamba maneno yalikuwa mazuri. Nilitamani mtu aniambie hayohayo, na mtu pekee aliyeniambia ni mimi.

Nikarudi kazini wiki iliyofuata. Meneja alinikuta kwenye korido. "Umerudi? Vizuri, vizuri. Kadi ya Mama Misumari iko wapi? Tunasaini Alhamisi."

Alhamisi tukaenda kwa gari la mizigo, maana dereva alikuwa na ndoo za rangi za kushusha hukohuko. Dereva huyo tulimwita Kimya. Unaweza kusafiri naye kutoka asubuhi mpaka adhuhuri ukaambulia "ehe" mbili na kupiga chafya. Meneja alikaa mbele na faili mapajani, akiikariri kadi. Mimi nilibanwa katikati, nikijiambia: nyamaza leo, nyamaza leo tu, barua iko mlangoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi kuinama nilishazoea.

Ofisi ya Mama Misumari iko nyuma ya duka, kachumba kanakonuka kamba mpya na mafuta ya kuchanganyia rangi. Picha ya marehemu iko ukutani juu ya sefu. Tulisalimiana, tukaketi, Meneja akatandaza mkataba. Mama hakuugusa.

"Hao wengine wameniahidi mashine," akasema. "Wanangu wananiambia, mama, tumia akili. Na kweli mashine ni kitu. Lakini mimi kuna jambo siwezi kulisahau." Akavaa miwani, akatafuta kwenye simu yake, akaanza kusoma kwa sauti. Umeondokewa na mume. Mwenzako wa miaka yote. Alisoma polepole, mpaka mwisho. Meneja aliinamisha kichwa kama mtu anayeombewa.

"Mama," akasema kwa ile sauti ya asali, "sisi kwako si wauzaji. Sisi ni watoto wako."

Mama Misumari akafuta miwani, akanigeukia mimi. "Mwanangu, una bahati kufanya kazi na mtu mwenye utu namna hii. Siku ukifikwa na jambo, unaye wa kukuliwaza."

Naapa nilikuwa nimefunga mdomo kwa komeo. Komeo likang'oka.

"Mama, huo ujumbe niliuandika mimi."

Meneja akacheka kidogo, kicheko laini. "Msamehe, mama. Bibie huyu kafiwa na mama yake mzazi juzijuzi tu, hajatulia bado."

Hee! Siku ile ndiyo ya kwanza kumtaja mama yangu. Tangu nimezika hakusema pole kwa kinywa chake, hakuuliza tumezika wapi, na leo anamtoa mama yangu kaburini ili afutie doa lake! Yalinipanda mpaka utosini. Nikanyoosha mkono, nikachomoa kadi kwenye faili lake, nikaibwaga juu ya meza mbele ya Mama Misumari.

"Soma, mama. Huo ni mwandiko wangu. Kila Ijumaa alipokupigia, alikuwa anasoma hapo. Huyu hakujui. Hata jina la mzee anachungulia. Amekuwa akikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mama, na aliyekujali muda wote huo ni mimi."

Mama akaivuta kadi. Akaanza kusoma kwa kufuatisha kidole. Mguu umekatwa, usiutaje. Uliza usingizi. Piga Ijumaa kabla hajafunga duka. Mzee anamtukana usiku, anaona haya, mpe moyo bila kuligusa. Nilisimama pale nikingoja. Nitasema kweli, Mungu anisamehe: nilikuwa nangoja ainuke anikumbatie.

Kidole kikafika chini, kikasimama. Nikainama kuona kilichokisimamisha, nikasoma kinyumenyume. Mume amefariki. Asitajiwe oda wiki tatu. Wiki ya nne atakuwa mpweke, ndipo aombwe aongeze ndoo.

Ni mimi niliyeandika. Nilikuwa nimesahau kabisa. Na kweli wiki ya nne aliongeza, na mimi nilifurahi.

Mama Misumari alivua miwani. Alinitazama mimi, wala si Meneja.

"Na ya usiku umeyaandika," akasema. "Yale matusi."

"Ndiyo, mama."

"Wanangu niliowazaa hawayajui hayo. Nilikwambia wewe."

"Mama, mimi nilikuwa namwambia tu yeye ili..."

"Huyu simlaumu sana." Alimwonyesha Meneja kwa kidevu. "Huyu kapewa karatasi, kasoma. Wewe ulinishika mkono."

"Mama, haki ya Mungu, nilikushika kweli."

"Najua," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma."

Mimi, niliyemtungia kila mtu maneno kwa miaka saba, nilikosa hata moja. Yeye aliikunja kadi mara mbili, akaitia kwenye droo ya meza yake, akafunga kwa ufunguo. Meneja akakohoa, akaanza kusema kampuni itachukua hatua kali, kwamba mambo haya yalifanyika pasipo yeye kujua. Mama akamnyamazisha kwa kiganja.

Wakati huohuo Kimya akabisha hodi, jasho linamtiririka, karatasi ya mzigo mkononi. "Mama, ndoo zimeshuka zote. Naomba sahihi."

Mama Misumari akamgeukia. "Wewe baba, mwaka wa ngapi huu unaniletea rangi?"

"Wa tano, mama."

"Marehemu mume wangu alikuwa akiumwa nini?"

Kimya alimwangalia Meneja, akaniangalia mimi, akaona hapati msaada. "Sijui, mama. Sikuuliza. Siku ya msiba nilikuta watu wanabeba viti, nikasaidia kubeba."

"Kumbe ulikuwepo?"

"Nilikuwa napita, mama."

Mama akauvuta mkataba. "Nitasaini," akasema. "Lakini kuanzia leo mambo yangu na kampuni yenu ni kupitia kwa huyu. Huyu ndiye atakayekuja dukani, huyu ndiye atakayenipigia, na asinipigie kama hana la rangi. Nyie wawili sitaki kuwaona."

Asali ni asali. Hakumaliza hata pumzi moja akawa ameshakubali. "Mama, umesema vyema. Huyu ni mtu wetu wa kutegemewa, tulikuwa tunamwandaa." Kimya alitoa macho. Mkataba ukasainiwa palepale, maduka yote matatu, na Meneja akapigwa picha nao mlangoni. Picha niliipiga mimi.

Wiki haikuisha barua ikatoka. Afisa Mauzo wa eneo letu ni Kimya. Meneja alinieleza amesimama, mkono begani mwangu. "Mteja kamtaka yeye, bibie, mimi ningefanyaje? Lakini usivunjike moyo. Yule hawezi hata kuandika ripoti, atahitaji msaidizi." Hakunifukuza. Angenifukuzaje? Kesho asubuhi angesoma nini? Tena mkurugenzi alikuwa amesikia habari za kadi, akaagiza matawi yote yaige. Nilitakiwa niandae mafunzo ya siku mbili.

Nyumbani mume wangu aliniambia, "Ungevumilia dakika kumi tu." Nilikuwa nimeshajiambia hivyo mara mia. Nilijipalia makaa mwenyewe. Lakini niseme jambo moja ambalo mume wangu hakulijua. Kila nikilala, hasira yangu kwa Meneja inaisha mapema. Inayobaki macho ni ile kadi, na wino wangu. Na barua yenyewe ya uafisa, hata ningeipata, yule niliyetaka kumwonyesha hayupo tena.

Jumatatu Kimya akaja mezani kwangu. Kavaa shati jipya, kola imemkaba, kashika daftari kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ambebee. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno matatu makali tayari ulimini, ya kumtoa jasho huyo afisa wa kubeba viti. Hakuketi.

"Dada," akasema, "jana nilikuwa kwa Mama Misumari."

"Ehe. Kasemaje?"

"Kasema nikupe pole ya mama yako. Kasema siku ile alighafilika, hakukupa." Akahamisha daftari mkono wa pili. "Na mimi pole sana, dada. Nilidhani ulikuwa likizo."

Nikamtazama. Nikaisikia sauti yangu ikitoka kavu, ya kikazi, ile ninayoitumia nikiandaa kadi.

"Anataka nini?"

"Nani?"

"Mama Misumari. Mpaka kukutuma hivyo, anataka nini?"

Kimya alinitazama kama mtu ambaye hakuelewa swali.

"Hataki kitu, dada," akasema. "Kasema pole tu."